Ukiambiwa “nisaidie kidogo tu”, tazama dirishani kwanza

Kama umewahi kukaa nyuma ya meza ya sekretari katika shule yoyote ya hapa kwetu, hii sentensi unaijua: “Madam, nisaidie kidogo tu.” Haiji kwa kelele. Inakuja na tabasamu, wakati mwingine hata na andazi lililofungwa kwenye karatasi.

Saa moja na nusu asubuhi, kompyuta bado haijawaka vizuri, mwalimu wa zamu anataka umpigie chapa orodha ya waliochelewa. Saa mbili, mwalimu wa Kemia anataka nakala 180 za mtihani, na mtihani wenyewe unaanza saa mbili na nusu. Saa tatu, deputi anaomba uwapikie wageni chai kwa sababu mpishi ameenda sokoni. Saa nne, mwalimu anayesomea shahada ya uzamili anakuletea flashi yenye sura mbili za tasnifu yake. “Ni kupanga kurasa tu, si kazi.”

Katikati ya hayo yote, kuna mzazi amesimama dirishani. Hasemi kitu. Amezoea kungoja.

Leo nataka tuongee kuhusu huyo wa dirishani.

Mimi si mtaalamu wa mambo ya ajira. Niliacha chuo muhula wa tatu, diploma yangu ya biashara ikiwa haijafika popote, kwa sababu karo iliwalemea watu wa nyumbani. Nilikuwa najua kompyuta na najua kuongea na watu, na jirani yetu alikuwa amesikia kwamba shule moja ya sekondari ya kutwa huku Eastlands inatafuta mtu wa afisi. Nikaenda na bahasha yangu, nikapewa barua moja niipige chapa kama mtihani, nikaambiwa nianze Jumatatu. Barua ya kuajiriwa sikupewa. Nilipouliza kazi yangu ni ipi hasa, jibu lilikuwa, “Kazi ya afisi tu, utazoea.”

Nilikaa pale mwaka mmoja na miezi minne. Na kweli nilizoea. Hapo ndipo shida ilipoanzia.

Watu wengi hudhani sekretari wa shule ni mtu wa kupokea simu na kupaka rangi kucha. Hebu nikwambie kinachopita mkononi mwake. Faili za wanafunzi wapya na barua za wanaohama. Notisi za karo. Kumbukumbu za mikutano ya Bodi ya Usimamizi. Usajili wa KCSE kwenye tovuti ya KNEC, ambapo herufi moja ikikosewa inaweza kumfuata mtoto wa watu hadi kwenye cheti chake. Halafu kulikuwa na NEMIS, mfumo wa Wizara ya Elimu wa kuhesabu wanafunzi. Mwanafunzi ambaye hakuonekana mle ndani hakuhesabiwa pesa za serikali zilipogawanywa. Mgao wa mwanafunzi wa sekondari ya kutwa ni Sh22,244 kwa mwaka, angalau kwenye makaratasi. Piga hesabu mwenyewe: ukikosa kuwaingiza wanafunzi kumi, unazungumzia zaidi ya laki mbili. Na mchana ule mfumo ulikuwa ukikwama hivi kwamba mara nyingine niliufungua usiku nyumbani, kwa bando langu mwenyewe.

Hiyo ndiyo kazi. Yale ya “nisaidie kidogo” yanakuja juu yake.

Sasa sikiliza kilichonifungua macho.

Kulikuwa na msimu wa basari za NG-CDF. Kama umesoma shule ya umma unajua: mzazi anachukua fomu, anajaza sehemu yake, kisha anaileta shuleni ijazwe baki ya karo, mwalimu mkuu atie sahihi na muhuri upigwe. Kazi ya dakika kumi. Mama mmoja anayeuza mboga karibu na steji ya matatu aliileta ya kijana wake wa Kidato cha Tatu siku ya Jumanne. Mwalimu mkuu alikuwa ameenda mkutano. Nikamwambia, “Niachie, Mama. Alhamisi utaipata.”

Alhamisi akaja. Mimi nilikuwa kwenye sura ya pili ya ile tasnifu, na pembeni kulikuwa na kadi za mchango wa harusi ya ndugu ya deputi, nakala hamsini. Fomu sikuwa hata nimeipeleka mezani kwa mkuu. Nikasema, “Kesho, Mama, pole.” Hata sikuinua macho.

Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kurudisha fomu. Mkuu aliondoka saa sita. Mama alifika saa kumi, jasho likimtoka, kikapu kimebaki kwa jirani yake wa biashara. Nikaanza kutafuta. Fomu ilikuwa chini ya zile kadi za harusi, safi kabisa, bila sahihi na bila muhuri.

Jumatatu asubuhi niliipeleka mwenyewe kwa afisi ya CDF, nikaomba, nikaeleza kwamba kosa ni langu. Nikaambiwa orodha imefungwa.

Yule mama hakunitukana. Aliniambia, “Si kitu, mwanangu. Najua uko na kazi nyingi.” Afadhali angenitukana. Baada ya likizo fupi kijana alitumwa nyumbani kwa sababu ya baki ya pesa za chakula na ada nyingine, akakaa huko karibu wiki tano hadi jamaa zao wakachanga. Wiki tano za Kidato cha Tatu. Na mimi, mtu aliyeacha chuo kwa sababu ya karo, ndiye niliyeikalia fomu yake.

Ukiangalia, hakuna mtu mbaya kwenye hii stori. Mwalimu wa tasnifu alikuwa mtu mpole, ndiye aliyekuwa akiniletea maandazi. Deputi hakunilazimisha. Kila mmoja aliomba kitu kidogo, nami nikasema sawa. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Mimi nilikuwa nimeshika sita, na kilichoponyoka ni kile ambacho mwenyewe hakuwa na sauti ya kunikumbusha.

Na hili ndilo ninalotaka ulishike hata ukisahau mengine yote. Kukubali kila ombi hakukufanyi uwe mtu mwema. Siku ni ile ile, ina saa zile zile. Ukimwambia mwalimu aliyesimama mbele yako “ndiyo”, kuna mtu mwingine umemwambia “ngoja”, ila hujamwambia usoni. Na katika shule, anayengoja karibu kila mara ni mzazi asiye na jina au mwanafunzi anayeogopa kubisha mlango.

Kwa nini basi tunakubali kila kitu? Nitajisema mimi. Kwanza, uoga. Huna barua ya kazi, una mwezi mmoja tu kichwani, na unajua kuna vijana ishirini wenye bahasha kama yako wanangoja uteleze. Pili, kutaka kupendwa. “Huyu msichana ni mzuri, hana maringo.” Nani hapendi kusikia hivyo? Tatu, na hili sikulikubali hadi nilipoondoka, nilikuwa nimezungukwa na watu wenye digrii na mimi sina hata diploma. Kila “sawa mwalimu” yangu ilikuwa kama malipo ya deni ambalo hakuna mtu aliyenidai. Nilitaka waone kwamba niliyeacha chuo naye anafaa. Wewe uliye na cheti pungufu kama mimi, jichunguze hapo.

Najua kuna wanaosoma hapa wakisema, “Huyu naye, kazi amepewa na bado anachagua.” Mpishi wa shule yetu, mama wa makamo aliyeniona nikinuna siku moja, aliniambia vile vile: “Mchagua jembe si mkulima.” Na sitambishia. Kazi ni ngumu kupatikana. Tena mwalimu mkuu mara nyingi si mkatili. Pesa za serikali zinachelewa, walimu hawatoshi, na sekretari wa pili hawezi kulipwa kwa hewa. Shule ambayo kila mtu anafanya kazi yake tu na kufunga mlango haiwezi kuendelea hata wiki moja.

Isitoshe, kazi za ziada zilinifaa. Mwalimu wa mitihani ndiye aliyenifundisha kupanga alama kwenye Excel kwa fomyula, na ujuzi huo ndio unaonilisha leo. Ningekataa kumsaidia kwa sababu “si kazi yangu”, nisingejua.

Kwa hivyo sikuambii ukatae. Nakuambia upange. Ningerudi kwenye ile meza leo, maombi yote ningeyatia katika vikapu vitatu.

Kikapu cha kwanza ni kazi ya shule isiyoweza kungoja. Mtoto amezirai na mzazi wake anatafutwa. Mtihani unaanza na karatasi hazitoshi. Wizara inataka takwimu leo jioni. Hapo huulizi ni kazi ya nani. Unaamka.

Kikapu cha pili ni kazi ya shule inayoweza kungoja. Ripoti ya michezo, vyeti vya klabu ya mazingira, ratiba mpya, barua ya safari. Hii unaikubali, lakini unaikubali na siku yake. “Nitafanya” bila siku ni ahadi ya uongo, na mimi nilitoa nyingi.

Kikapu cha tatu ni kazi ya mtu binafsi. Tasnifu, kumbukumbu za chama, kadi za harusi, kazi ya nyumbani ya mtoto wa mwalimu. Hizi hazifanywi kwa saa za shule wala kwa tona ya shule. Tona hiyo imenunuliwa kwa pesa za wanafunzi. Ukitaka kumsaidia mwenzako, msaidie Jumamosi kwenye kompyuta yako, mkubaliane bei mapema kama anavyolipa pale saiba. Usione haya kutaja bei. Mtu anayelipa chuo kikuu anajua kwamba kazi ina gharama.

Na ile chai je? Chai ya wageni wa shule, mara moja moja, nitaiweka kikapu cha pili na nitaipika bila kununa. Lakini kama chai ni kila siku, na msaidizi wa maabara ambaye ni mwanamume hajawahi kuombwa hata mara moja ingawa ana birika mle ndani, basi hapo si msaada tena. Hapo mtu ameamua kwamba kuwa mwanamke ni sehemu ya kazi yako. Muulize mkuu kwa upole: kazi hii ni ya nani, tuiandike?

Sasa mdomo. Wengi wetu tunajua tumelemewa, ila hatujui pa kuanzia kusema. Tunanyamaza hadi siku tunalipuka kwa mtu asiye na hatia, kwa kawaida mwanafunzi aliyekuja kuomba chaki.

Usiseme “siwezi”. Usiseme “niko bize”, kila mtu yuko bize. Sema kilicho mezani, umwachie muombaji aone mwenyewe. Kwa mfano:

“Sawa, mwalimu. Saa hii niko na usajili wa KNEC, mkuu anautaka kabla ya saa kumi. Yako naweza kuianza kesho saa tatu. Itakufaa, ama tumuulize mkuu ipi itangulie?”

Nilipoanza kusema hivi, wengi walijibu, “Ah, kesho ni sawa.” Kumbe haraka haikuwepo. Walikuwa wanasema “sasa hivi” kwa mazoea tu. Na wale waliokuwa na haraka ya kweli walienda kwa mkuu, mkuu akaamua, na mimi sikuwa tena refa wa mechi ya walimu.

Na mkuu mwenyewe akikuletea kazi juu ya kazi? Hapo ndipo magoti hulegea. Jaribu hivi: “Sawa, Mkuu. Nina hizi nne mezani. Hii mpya niiweke mbele ya ipi?” Hujamkatalia bosi. Umemrudishia uamuzi, kwa sababu ni wake. Mara ya kwanza niliposema hivyo, mkuu alitazama zile faili nne kwa muda, akasema mbili hakujua kama ziko kwangu. Moja akaichukua akaipeleka kwa mhasibu.

Hivyo vyote vinahitaji ushahidi, na ushahidi ni daftari. Baada ya kisa cha fomu nilinunua daftari moja kubwa, nikachora mistari ya safu nne: nani, nini, imeletwa lini, inatakiwa lini. Nikaliacha wazi mezani. Kila ombi liliingia mle, la mkuu, la deputi, la mwanafunzi anayetaka barua ya kuthibitisha kwamba yuko shuleni. Na la mzazi, kwa wino ule ule na kwa foleni ile ile. Fomu ya basari iliyoletwa Jumanne ilikuwa juu ya kadi zilizoletwa Jumatano, mwenye kadi awe nani.

Daftari hilo lilifanya kitu ambacho sikutarajia. Watu walianza kulisoma. Mwalimu anakuja na flashi yake, anaona mistari kumi na miwili kabla yake, anasema, “Wacha nitarudi.” Mwisho wa mwezi nilimpelekea mkuu kurasa zile bila lawama yoyote. Nikamwambia, “Mkuu, naomba uone tu vile siku zinaenda.” Kwenye mkutano wa walimu uliofuata akatangaza kwamba mitihani ya kunakiliwa ifike afisini siku moja kabla. Si kila kitu kilibadilika, nisikudanganye. Mwalimu wa Kemia aliendelea kuja mbio na karatasi zake. Lakini sasa alikuwa akija akiomba msamaha, na tofauti niliihisi.

Kuna maombi mengine hayaingii kikapu chochote. Haya unayakataa hata kama anayeomba ni mkuu, hata kama kesho huna kazi.

Usitie sahihi kwa niaba ya mtu ati kwa sababu “yuko mkutanoni na amesema ni sawa”. Siku ile ya Ijumaa wazo hilo lilinijia, nakiri. Ningeiga sahihi ya mkuu, mama angeondoka na fomu yake. Lakini ningekuwa nimegeuza kosa la uzembe kuwa kosa la kughushi, na fomu ya kughushi ikigunduliwa, anayeumia tena ni kijana.

Usipige muhuri karatasi tupu. Muhuri wa shule kwenye karatasi tupu ni cheki iliyotiwa sahihi bila kiasi.

Usipokee pesa za karo mkononi “umshikie mhasibu”. Shule ina akaunti ya benki au nambari ya kulipia kwa simu. Noti elfu tano zikipotea kati yako na mhasibu, wa kwanza kuulizwa ni wewe uliyeajiriwa juzi.

Usibadilishe alama, wala tarehe ya kuzaliwa, wala tarehe ya kujiunga na shule.

Na usitoe nambari za simu za wazazi kwa mtu anayetaka kuwauzia bima au masomo ya ziada, hata kama ni mwalimu. Wazazi walizitoa kwa ajili ya watoto wao. Tangu 2019 tuna Sheria ya Kulinda Data, na rekodi za wanafunzi si za kugawa kama njugu.

Nimalizie upande wa sheria, kwa sababu hili tunaliogopa bure. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema mkataba wa kazi ya miezi mitatu au zaidi uwe kwa maandishi, na anayepaswa kuuandaa ni mwajiri, si wewe. Sehemu ya 10 inataka karatasi hiyo itaje kazi yenyewe ni ipi, saa za kazi na mshahara. Mambo hayo yakibadilika, mwajiri anafaa ashauriane nawe na akujulishe kwa maandishi. Sheria hiyo hiyo inakupa angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo isiyopungua siku 21 za kazi ukimaliza mwaka. Kama uko shule ya umma na TSC haikukuajiri, mwajiri wako ni Bodi ya Usimamizi, kwa hivyo barua yako inatoka huko. Na kuna chama cha wafanyakazi, KUDHEIHA, ambacho kinawakilisha watu wa taasisi za elimu wasio walimu. Wengi wetu tunajua jina la chama cha walimu kabla ya kujua letu.

Sikuambii uingie kazini Jumatatu ukipunga sheria hewani. Utachekwa, kisha utafutwa. Anza kidogo: “Mkuu, naomba barua inayoonyesha kazi zangu, nijue ninawajibika kwa nini.” Ombi hilo haliwezi kumkasirisha mtu mwenye nia njema. Mimi sikuliomba kwa mwaka mzima. Nilifikiri kuomba karatasi ni kukosa shukrani.

Na wewe mwalimu ambaye unasoma hii ukisema “huyu anatusema sisi”: ndiyo, lakini kwa heshima. Nyinyi pia mnabebeshwa. Mnafundisha madarasa yaliyojaa, mnasimamia michezo, mnakuwa wazazi wa watoto wa wengine. Sekretari si adui. Ninachoomba ni swali moja tu kabla ya ile “nisaidie kidogo”: “Una nini mezani leo?” Uliza, kisha ungoje jibu. Na ukijua mtihani ni Alhamisi, mbona ulete Alhamisi?

Niliondoka pale bila ugomvi. Nilipata kazi ya kupangia watu rekodi na kuandika kwenye mitandao, na sasa najipanga nirudi chuo pole pole, kozi moja moja. Yule kijana alirudi shuleni na akafanya KCSE yake. Mama yake bado yuko pale pale steji, na jioni nyingi mimi hununua sukuma kwake. Hunipunguzia bei kama mteja mwingine yeyote wa kila siku. Ile fomu hatujawahi kuizungumzia.

Lakini kila akiniangalia akinipa chenji, mimi huinua macho. Siku ile sikuyainua.

Jumatatu utaingia kazini, na kabla ya saa mbili kuna mtu atakuegemea mezani akuambie, “Madam, nisaidie kidogo tu.” Usikatae haraka, na usikubali haraka. Geuza shingo kwanza utazame dirishani. Nani amesimama pale, na amengoja tangu lini?